Ustadi, Bahati na Dau katika Mchezo wa Pool

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, vijana wetu wanaowekeana dau kwenye meza za pool wana hoja moja wanayoitegemea. Husema: kamari ni bahati, pool ni ustadi, basi fedha tunazoshindania ni jasho letu. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa uadilifu, kwani sehemu yake ni kweli.

Mwaka 1954 Mmarekani Willie Mosconi alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa, katika aina ya pool ambayo mchezaji hutaja mpira na shimo kabla ya kupiga. Mwaka 2019 John Schmidt alifikisha 626. Hakuna mwenye akili atakayeiita hiyo bahati.

Lakini bahati nayo ina fungu lake. Katika pool ya mipira tisa, shimo halitajwi. Mpira namba 9 ukitumbukia kwa pigo halali, hata bila kukusudiwa, mpigaji ameshinda. Tena, chukueni mchezaji ambaye kwa kawaida humshinda mwenzake mara 6 katika 10. Wakicheza mchezo mmoja tu, mnyonge ana nafasi 4 katika 10. Wakicheza mpaka mmoja afikishe ushindi 9, nafasi hiyo hushuka hadi kama 2 katika 10. Hushuka, lakini haiishi. Na dau la mtaani aghalabu ni la mchezo mmoja mmoja.

Haya, tuseme bahati imeondoka kabisa. Je, dau limekuwa halali? Watazameni wanavyuoni wetu walivyohukumu katika mbio za farasi na kulenga shabaha kwa mishale, mambo ambayo Mtume (s.a.w.) aliyaruhusu kutolewa zawadi. Nani atakanusha kwamba kulenga shabaha ni ustadi? Hata hivyo, wengi wao waliwakataza washindani wawili kutoa fedha wote kisha mshindi akazibeba, ila akiingia mshindani wa tatu asiyetoa kitu. Waliruhusu zawadi itoke kwa mtu wa nje, au kwa mmoja wao tu. Basi swali lao halikuwa nani hodari, bali fedha zimetoka wapi.

Tena ustadi huweza kuzidisha dhuluma. Hodari huuficha uhodari wake, akakubali kushindwa mara mbili tatu ili mwenzake apandishe dau, kisha akamkomba. Sura Al-Maida, aya ya 90 na 91, inaitaja kamari pamoja na ulevi, na inatueleza kuwa shetani hupandikiza kwayo uadui na chuki, na kutuzuia na Sala. Je, sivyo tunavyoona pale posho ya nyumbani inapoishia mezani?

Kwa hiyo, vijana, anayetaka kucheza acheze bila dau, mahali pasipo ulevi, na adhana ikilia aiweke fimbo chini. Gharama ya meza igawanywe sawa kabla ya mchezo, wala asitwishwe aliyeshindwa, kwani hilo nalo ni dau lililofichwa. Nanyi wazazi, msiwaulize watoto wenu kama wameshinda. Waulizeni fedha hizo zilikuwa za nani.

Mwenyezi Mungu atuongoze kwenye chumo la halali. Amin.