Ratiba Ianze Siku ya Onyesho: Kupanga Muda katika Miradi ya Sanaa ya Wanafunzi



Wiki ya maonyesho inapokaribia, vyuo vyetu vya sanaa huwa katika hekaheka. Wanafunzi wanalala ukumbini, fundi cherehani anapigiwa simu usiku wa manane, na mwongozaji anaondoa sehemu nzima ya mchezo kwa kuwa haikupata mazoezi. Wapo wanaosema ni uvivu. Sikubaliani nao. Wanafunzi ninaowasimamia hujituma mno. Kinachowaangusha ni kwamba wanapanga kazi iliyo mikononi mwao tu, ilhali sehemu kubwa ya mradi imo mikononi mwa watu na vitu wasivyovitawala. Hoja yangu leo ni hii: upangaji uanzie siku ya onyesho na kurudi nyuma, na tarehe za kwanza kuandikwa ziwe za vitu visivyo vyetu.

Hesabu ya mazoezi

Waongozaji wengi hukadiria saa moja ya mazoezi kwa kila dakika moja jukwaani. Kwa kadirio hilo, mchezo wa dakika 40 unahitaji saa 40. Tuseme kikundi kinakutana jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni. Kwenye karatasi ni saa sita kwa wiki, lakini nusu saa ya kila jioni huishia kwenye kusubiriana na kupasha mwili moto, hivyo zinabaki saa nne na nusu. Hapo tunahitaji takriban wiki tisa, na wiki moja zaidi kwa mazoezi ya taa, sauti na maleba. Katika muhula wa wiki 15, zinabaki wiki tano tu za kutafuta wazo, kuandika muswada na kugawa nafasi. Kwa hiyo muswada unatakiwa kufungwa wiki ya tano. Mwanafunzi anayeendelea kubadili mazungumzo wiki ya nane ameanza kula saa za waigizaji wake, hata kama anachokiandika ni kizuri.

Hesabu hii ifanywe ubaoni mbele ya kikundi kizima, siku ya kwanza. Mwongozaji akiifanya peke yake chumbani, wenzake wataiona kuwa amri.

Bahari, jua na fundi

Chukueni mfano wa filamu fupi inayopigwa ufukweni Bagamoyo. Mwanafunzi ameandika kwamba bibi anatembea juu ya mchanga mpana ulioachwa na maji, jua likizama. Ni picha nzuri, lakini ratiba yake inasema tu "Jumamosi jioni, ufukweni". Mvuvi yeyote angemwuliza swali moja: mwezi uko wapi?

Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ndipo mchanga unapofunuka mbali kabisa. Lakini siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na jioni yanakuwa yamejaa. Maji hupwa jioni siku za maji mafu, wiki moja hivi baadaye, na siku hizo hayaendi mbali. Kwa maneno mengine, mchanga mpana na mwanga wa jioni ni vitu ambavyo ni nadra kukutana mahali hapo. Mwandishi atalazimika kuchagua: ama bibi atembee asubuhi, ama atembee jioni kando ya maji. Uamuzi huo ukifanyika mezani, haugharimu kitu. Ukifanyika ufukweni, kikundi kizima kimeshalipa nauli, kamera imeshaazimwa, na jua nalo halingoji. Kwetu hapa jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kisha, kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo anayerudi kesho yake saa ileile kumalizia picha atakuta ufukwe mwingine, na mwendelezo umeharibika.

Vipo vitu vingine vya aina hiyo, visivyo mikononi mwetu. Mwezi wa Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka, na mazoezi ya saa kumi na mbili jioni hayawezekani watu wakiwa wanakwenda kufuturu. Masika ya Machi hadi Mei huharibu kazi ya nje. Magofu ya Kaole, hukohuko Bagamoyo, yana wasimamizi wake wa kuombwa ruhusa. Hapa Tanzania Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inagusa kazi za aina zote mbili, na barua ya chuo ya kufuatilia vibali haiandikwi kwa siku moja.

Halafu kuna fundi. Sisi humpelekea kitenge wiki ya mwisho, ambayo ndiyo wiki yake ya nguo za harusi na za mahafali. Maleba yanafika saa chache kabla ya onyesho. Mwigizaji wa sarakasi anavaa, anainua mkono, na mshono wa kwapa unamkaba. Mruko alioufanyia mazoezi muhula mzima sasa anaurekebisha mbele ya watazamaji. Vipimo vichukuliwe wiki ileile nafasi zinapogawiwa, na tangu katikati ya mazoezi waigizaji wafunge kanga au kitenge cha kuazima, ili mwili uzoee uzito na urefu wa nguo.

Ubunifu na tarehe

Wanafunzi huniambia sanaa haipangwi kwa kalenda. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa wazo halina saa maalumu ya kuja. Lakini kuna mambo mengine ya kuwekea tarehe: kuchagua wimbo mmoja kati ya nyimbo tatu, kufunga muswada, kunakili picha za siku kwenye diski mbili kabla ya kulala. Mwenye tarehe hizo hupata nafasi ya kujaribu bila hofu, kwa sababu anajua majaribio yanaishia wapi.

Niongeze jambo moja linalosahaulika sana, hasa katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanatamthilia Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walipofanya kazi kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, onyesho lilikuwa hatua moja tu. Utafiti na uchambuzi pamoja na wanakijiji vilitangulia, na mjadala ulifuata. Wanafunzi wetu hutumia muda wote kwenye onyesho. Mjadala unaachiwa dakika kumi, watu wakiwa wameshaanza kusimama. Ratiba isiyo na muda wa mjadala haijakamilika, na mimi huirudisha.

Maombi

Ninaviomba vyuo mambo matatu. Kwanza, tarehe za ukumbi zitangazwe wiki ya kwanza ya muhula na zisiguswe tena. Pili, sehemu ya alama za mradi itolewe kwa ratiba na kumbukumbu za kazi, zikaguliwe katikati ya muhula wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Tatu, kila kikundi kiwe na msimamizi wa jukwaa au meneja wa uzalishaji asiyeigiza wala kuongoza, naye apewe alama sawa na mwigizaji mkuu. Kwa sasa wanafunzi wanaikwepa kazi hiyo, kwa sababu tumewafundisha kwa vitendo kwamba haina thamani.