Kinu Kando ya Maji na Arusi ya Rebeka

Ndugu wasikilizaji wa Musonoi, na ninyi wa vijiji vya pande za Lualaba, katika somo letu la Ndoa nataka leo kuwaeleza picha moja. Radio haionyeshi picha. Basi fumbeni macho.

Mchoraji wake ni Claude Lorrain, Mfaransa aliyekaa Roma. Aliichora mwaka 1648, nayo sasa imo London katika nyumba ya picha za taifa. Tazameni: miti mirefu, maji mapana yaliyotulia, milima mbali. Kando ya maji pana kinu cha kusaga nafaka, kile chenye gurudumu lizungushwalo na maji. Ndiyo sababu wengi huiita picha hiyo Kinu tu. Mbele yake watu wamekaa, wengine wanacheza. Na juu ya kisiki yameandikwa maneno ya Kifaransa: arusi ya Isaka na Rebeka.

Ngoma hiyo haimo katika habari ya Biblia, wala kinu. Claude aliviongeza, nami simlaumu: kila mama aendaye mashineni na beseni la mahindi ajua kwamba pasipo unga hapana arusi. Tena Sheria ya Musa yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwani ni kutwaa uhai wa mtu.

Lakini someni Mwanzo, sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu amefika na ngamia 10. Zawadi za dhahabu na fedha zimetolewa. Baba na kaka wamekwisha kukubali. Asubuhi mtumishi ataka kuondoka, wenyeji wataka kumchelewesha. Wafanyeje? Wanamwita msichana mwenyewe, wanamwuliza kama atafuatana na mtu huyu. Naye ajibu kwamba atakwenda.

Wazazi, hapa nasema nanyi. Mahari ni desturi yenye heshima, lakini mahari haifungi ndoa. Kifungacho ni neno la mume na neno la mke, kila mmoja kwa hiari yake. Hapa kwetu, miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alipoanzisha Jamaa, mume na mke waliingia pamoja, si mume peke yake. Itakuwaje basi binti akabidhiwe kama mfuko wa unga? Neno lililotolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa halifungi kitu, hata kama kanisa limejaa na mbuzi wamekwisha kuchinjwa. Padri atauliza, naye atangoja sauti ya binti mwenyewe.