Karatasi za Shule Zisipotee: Maneno ya Wanafunzi wa Ujenzi, Lubumbashi



Sisi ni vijana tuliokimbia Mitwaba na Pweto mwaka 2013, vijiji vilipochomwa. Leo tunasomea uhandisi wa ujenzi: barabara, madaraja, mifereji. Hesabu ni ngumu, hatufichi. Lakini mnajua wenyewe, mvua zikianza, barabara ya Mitwaba inageuka matope na magari ya chakula yanalala njiani.

Kilichotusumbua zaidi si hesabu, ni karatasi. Bila Diploma ya Serikali huingii chuo kikuu. Mwenzetu aliifaulu, ikaungua pamoja na nyumba. Alipoteza mwaka mzima akitafuta ushahidi wa matokeo yake, huku akibeba magunia ya makaa katika komini ya Kenya.

Wazazi, fungeni karatasi za shule ndani ya nailoni, karibu na mlango. Viongozi, andikeni jina la kila mwanafunzi aliyefika, shule yake na mwaka wa mtihani. Wasichana pia, saruji haiulizi nani anaichanganya.

Waliopoteza diploma, tuoneni baada ya mkutano. Tutakaa chini ya mwembe huu mpaka saa kumi.