FEDHA ZA MAJI NA MEZA ZETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Magamba, Mpanda)



Hatutasema habari za mabomba, maana sisi si mafundi. Tutasema habari za fedha ambazo Serikali huzitoa ili watu wa vijijini wapate maji, na njia zipitamo fedha hizo. Nayo njia hiyo, mwajua wenyewe, hupita juu ya meza zetu.

Wenyeji wa Magamba hawana haja ya kuelezwa kiangazi. Mvua hukatika, na ifikapo Septemba hata mto Katuma hupungua ukawa madimbwi, viboko wa Katavi wakasongamana matopeni kama ng'ombe zizini. Ndio wakati mama atokapo alfajiri na ndoo, akarudi jua limekwisha panda.

Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba katika miaka 20 kila mtu wa kijijini apate maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nchi rafiki zilisaidia. Norwei iliusaidia mkoa wa Rukwa, ambao Mpanda ilikuwa ndani yake mpaka ulipozaliwa mkoa wa Katavi mwaka 2012. Mwaka 1991 ulifika, na azimio halijatimia. Visima vilichimbwa kweli, lakini pampu zilipovunjika hapakuwa na fedha ya vipuri wala dizeli, na wanakijiji walingoja, kwa kuwa waliambiwa mali ni ya Serikali. Hatuwalaumu.

Ndipo Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza shauri: wanaotumia maji walipe gharama za kuyaendesha na kutengeneza. Kisha Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA kwa vijiji, pamoja na Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao sehemu ya fedha zake ni shilingi 50 zilizowekwa juu ya kila lita ya petroli na dizeli. Basi hata utingo wa lori lipitalo hapa huchangia kisima asichokijua.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba fedha hakuna kabisa. Hazitoshi, hilo ni kweli. Lakini fedha huenda palipo na maombi yaliyokamilika, na kijiji chenye kiu kuliko vyote mara nyingi ndicho kisicho na mtu wa kuandika.

Tulipata kuiona barua ya kijiji kimoja, iliyoandikwa kwa penseli mwezi wa Juni. Pampu yao ilikuwa imekufa. Barua haikuwa na muhtasari wa mkutano, wala hesabu ya makusanyo ya kilula, basi ikatiwa katika trei ya mambo yasiyokamilika. Hakuna aliyewaandikia kuwaambia kilichopungua. Jibu liliandikwa mwezi wa Novemba, mvua zimekwisha anza, na miezi yote hiyo watu walifukua mchanga wa mto. Mabwana, trei ile ilikuwa yetu. Hatukuiba hata senti moja, na muhuri wetu ulikuwa safi.

Wako watakaosema kwamba kanuni ni kanuni. Ni kweli, nasi hatuombi hata karatasi moja iondolewe, maana stakabadhi na daftari ndivyo vinavyoilinda fedha ya mama anayelipia ndoo yake. Twaomba mambo mawili tu. Barua ya maji yenye upungufu ijibiwe katika siku 7, kwa kutaja kilichopungua. Tena kila mwanachama aendapo likizo kwao akae na kamati ya maji ya kijiji siku moja, awafundishe kuandika daftari la makusanyo na muhtasari.

Tumeandaa mfano wa barua ya maombi. Nakala ziko mezani karibu na mlango; atakayezikosa amwone Katibu.