Kompyuta Inapozimika Yenyewe: Mlaji Aulize Nini Kabla ya Kulipa?

Mazungumzo na wananchi wa Mwika, Wilaya ya Moshi

 

Nilipokuwa chuoni, mama yangu alininunulia kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, kwa fedha za ndizi. Muda si mrefu ikaanza kuzimika yenyewe kila baada ya dakika kumi. Fundi wa kwanza aliigusa tu, akasema madabodi imeungua, akataja gharama iliyokaribia bei ya kompyuta yenyewe. Fundi wa pili aliifungua mbele yangu, akaondoa vumbi, akapaka pesti mpya. Ilifanya kazi hadi nilipohitimu. Tofauti baina ya mafundi wale wawili ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwani anayeilipia ni mlaji.

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Karibu umeme wote inaoutumia hugeuka kuwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimekadiriwa wati 65, nazo ni ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Joto lisipoondolewa, prosesa hupunguza kasi. Likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kompyuta hujizima ili isiungue. Basi kuzimika si lazima kuwe dalili ya kufa. Huenda ikawa ni kinga.

Ninyi mnaujua mfongo. Maji hushuka kutoka mlimani hadi kihambani kwa sababu njia yake haikukatika. Joto nalo lina njia yake: hutoka kwenye prosesa, hupita kwenye pesti, huingia kwenye hitisinki, kisha huchukuliwa na hewa. Likizibwa mahali pamoja, njia nzima imeharibika.

Tuanze na pesti. Hitisinki ni kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa. Nyuso hizo mbili, ingawa huonekana laini, zina mabonde madogo yaliyojaa hewa. Kwa kipimo cha kupitisha joto, hewa ina 0.026 tu, pesti nyingi zina kati ya 1 na 10, alumini ina takribani 237, na shaba karibu 400. Hivyo pesti huishinda hewa kwa mbali, lakini hushindwa na metali kwa mbali vilevile. Kazi yake ni kujaza mabonde, basi. Ikipakwa nene, yenyewe huwa kizuizi. Ikikauka na kupasuka, hewa hurudi.

Sasa umbo la hitisinki. Chai ya moto ikimiminwa kwenye kisosi hupoa upesi, kwa kuwa imepata eneo kubwa la kugusana na hewa. Bamba la sentimita 8 kwa 8 lina eneo la sentimita za mraba 64 upande wa juu. Likisimamishiwa mapezi 20 yenye kimo cha sentimita 3, pande za mapezi hayo hufikia sentimita za mraba 960. Hata hivyo, mapezi yakibanana mno, au yakizibwa na vumbi, hewa haipiti na eneo lote hilo halina faida. Kuilaza kompyuta mpakato juu ya blanketi huziba njia hiyohiyo.

Baridi ya Mwika isiwahadae. Chumba kikizidi joto kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kompyuta inayotulia hapa yaweza kuzimika ikifika Moshi mjini au Dar es Salaam. Kwa hiyo unaponunua kompyuta iliyotumika, usiijaribu kwa dakika mbili za asubuhi. Iache ifanye kazi nzito nusu saa, usikilize feni na uangalie kama inazimika.

Ukifika kwa fundi, muulize: Umeifungua na kuyaona mapezi? Joto la prosesa lilikuwa nyuzi ngapi kabla ya matengenezo, na sasa ni ngapi? Pesti ya zamani umeifuta yote kabla ya kupaka mpya? Akibadilisha kifaa, akukabidhi cha zamani. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika.

Si kila kuzimika hutokana na joto. Umeme mbovu na betri iliyochoka navyo huzima kompyuta. Lakini kusafisha na kupaka pesti ni kazi ndogo, na yafaa itangulie kabla ya kubadilisha madabodi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria hiyo itakusaidia zaidi ukiwa umeuliza, umeona na una risiti mkononi.