Gonga Tofali Usikilize

(Mazungumzo na wanakisomo wa Endasak, Wilaya ya Hanang')



Leo tunazungumza juu ya tofali la kuchoma. Tofali hili linakula fedha na kuni nyingi, basi tujue tunanunua nini.

Chukueni matofali mawili makavu, myagonganishe. Mengine hulia kwa sauti kali, kama chuma. Mengine husema "bu!" tu. Je, kwa nini, na udongo ni uleule, kalibu ni ileile?

Sababu ni vitundu. Udongo ukikauka maji hutoka, na mahali pake hubaki vitundu vidogo sana. Moto ukifika nyuzi 900 hadi 1,000 hivi za sentigredi, chembe za udongo huanza kuyeyuka kidogo na kushikana. Vitundu vingi huziba. Moto ukiwa hafifu, hubaki. Na majani yaliyosahauliwa udongoni huungua, yakaacha matundu makubwa zaidi.

Tundu halibebi mzigo. Mzigo hubebwa na udongo ulio kando yake, nao huelemewa. Wala msidhani hasara ni sawa na ukubwa wa matundu. Vitundu vya mviringo vikiwa sehemu moja ya kumi ya tofali, ukakamavu wake hupungua karibu sehemu mbili za kumi. Vile vyembamba kama nyufa huharibu zaidi. Kitu kilicholegea hutikisika polepole kikigongwa, ndiyo maana sauti yake ni nzito.

Mtungi wa maji ni habari nyingine. Vitundu vyake tunavitaka: maji hupenya, hukauka kwa nje, na yaliyo ndani hupoa. Lakini nani ameona mtungi ukibeba paa?

Haya, wenye mizani wapime. Tofali kavu lina kilo 3. Lilowekeni kutwa kucha. Likiwa kilo 3 na gramu 600, limekunywa gramu 600, yaani sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kipimo cha serikali ya India kinataka tofali la kawaida lisizidi hapo. Linalozidi msiliweke kwenye msingi, maana huko maji ya mvua hupanda ukutani na kulilainisha. Litumieni kwa ukuta wa ndani, palipo pakavu.

Mara nyingi yasiyoiva ni yale ya pembeni mwa tanuri. Yatengeni siku ileile ya kupakua, kabla fundi hajayachanganya na mengine.