HOTUBA YA MWENYEKITI: PESA YA UWAKALA NA USHURU WAKE



Kwanza kabisa twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 14, kila mmoja na shilingi 50 zake za wiki, chini ya mwembe. Leo tumetimiza miaka 10. Habari za hesabu mtazipata kwa mweka hazina, na za furaha mtazipata kwenye ngoma baadaye. Sisi tumeomba nafasi hii tuseme jambo moja ambalo si la kujisifu, maana kosa lilikuwa letu sisi viongozi.

Mnajua kuwa baadhi ya wanachama wetu ni mawakala wa bima. Watu hawa hawakuajiriwa. Hawana mshahara wala likizo. Wanazunguka sokoni na majumbani, wakiuza bima wanalipwa kamisheni, wasipouza wanalala hivyo hivyo. Sasa mtu wa namna hii, kwa sheria ya ushuru ya Kenya, ni mfanyabiashara, hata kama duka lake ni mkoba wa begani.

Mwaka 2023 wenzetu watatu walikuja kutuuliza: "Mama, tufanye nini na hizi fomu za KRA?" Sisi tukajibu haraka haraka: "Nyinyi hamjaajiriwa, nendeni saiba, mwambieni kijana awaandikie kuwa hamkupata kitu." Wakaenda. Kila mmoja akatoa shilingi 200, ikaandikwa sufuri, wakarudi wakishukuru. Tukaona tumewasaidia kumbe tumewatia hasara.

Na hasara yenyewe ni hii. Kampuni ya bima inapomlipa wakala kamisheni, inakata kwanza asilimia 10 na kuipeleka KRA kwa namba ya PIN ya yule wakala. Huo ni ushuru uliozuiliwa mapema, si ushuru wa mwisho. Ni kama amana: mwisho wa mwaka unapiga hesabu, ukiwa umekatwa zaidi unarudishiwa, ukiwa umekatwa pungufu unaongeza. Lakini ukiandika sufuri, umesema hukupata pesa, na umeiacha amana yako huko bila mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mmoja wao, kwa ruhusa yake. Mwaka 2022 kamisheni yake ilikuwa shilingi 260,000. Zilikatwa 26,000, mkononi akapata 234,000. Sheria yasema shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10. Kwa hiyo ushuru wake ni 26,000. Lakini kila mlipa ushuru mkaazi ana nafuu yake ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Toa hiyo nafuu, habaki na deni hata senti moja. Zile 26,000 zote zilikuwa zake!

Na mwaka ule ule mama huyu alikuja kukopa hapa kwetu kulipa karo ya mtoto, akalipa na riba. Alikopa pesa za watu na zake ziko. Tulipolielewa jambo hili tuliona haya kumtazama usoni.

Basi tulianza kulirekebisha. Tulienda Huduma Centre tukaelezwa kwamba fomu iliyoandikwa vibaya yaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5, na ombi la kurudishiwa pia lina miaka 5. Wote watatu wamesharekebisha. Mmoja amekwisha kupokea pesa zake benki. Maombi ya wawili yangali njiani, na tutawafuata nayo mpaka mwisho.

Lakini tusidanganyane kuwa kila mtu hurudishiwa. Wakala mwingine wetu mwaka 2023 alipata 480,000. Ushuru wa 288,000 za kwanza ni 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zilizobaki 92,000 ni kwa asilimia 30, yaani 27,600. Jumla 81,400. Toa nafuu ya 28,800, zabaki 52,600. Alikuwa amekatwa 48,000, kwa hivyo akaongeza 4,600. Alinung'unika sana, na tulimwelewa. Lakini alikuwa ametumia pesa nyingi kwa kazi hiyo, simu, karatasi, safari, na hakuandika popote. Angekuwa na daftari na risiti, matumizi hayo yangeondolewa kwenye mapato kwanza. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari la chama, majumbani kwetu hatuna.

Kwa hiyo akina mama, shikeni haya.

Andika kamisheni yote kabla ya kukatwa, si ile iliyoingia kwenye simu. Kando yake andika kilichokatwa.

Dai cheti cha makato kutoka kwa kampuni. Cheti hicho hutumwa kwa barua pepe iliyo kwenye PIN yako. Tulipochungulia, wawili wetu walikuwa wameandikiwa barua pepe ya kijana wa saiba! Vyeti vyao vyote vilikuwa kwake. Andikisha barua pepe yako au ya mwanao, na neno la siri usimwachie mtu.

Risiti siku hizi si risiti yoyote. Tangu tarehe 1 Januari 2024 matumizi ya biashara yahitaji risiti ya eTIMS ndipo yakubalike. Ukinunua kitu cha kazi, iombe pale pale, usingoje kesho.

Mwaka wa hesabu ni Januari hadi Desemba. Ukiwa na salio la kulipa, lilipe kabla ya mwisho wa Aprili. Fomu yenyewe mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Msingoje siku ya mwisho, foleni ya saiba mnaijua.

Na mwisho, usiandike sufuri kama ulipata. Namba ya PIN ina kumbukumbu ya kila makato. Wewe waweza kusahau, kompyuta haisahau. Siku utakapotaka cheti cha ushuru uombe tenda ya kaunti, utaulizwa.

Kamati imekubaliana hivi: kila Jumamosi ya kwanza ya Februari, mawakala wote waje na madaftari yao na vyeti vyao, tukae pamoja tujumlishe kabla ya mtu yeyote kwenda saiba. Mabinti zetu waliosoma watatusaidia. Sisi wengi wetu tumeishia shule ya msingi, lakini kujumlisha na kutoa tulifundishwa, na hesabu hii haizidi hapo.

Wale wenzetu watatu, mko hapa mbele. Twawaomba radhi mbele ya wageni. Mliuliza swali zuri, mkajibiwa na watu wasiojua waliojifanya wanajua. Halitarudiwa tena.

Mungu akibariki chama chetu.